Bi Nimeelewa na Vita vya Swali la Saba

Sogeeni, enyi mliowahi kuitafuta x msiipate. Ketini, enyi mliofuta karatasi hadi ikatoboka. Tulieni, enyi mliosema hesabu si fungu lenu mkaenda zenu kulala. Leo nawasimulia habari za vita vikuu, vita visivyomwaga damu ila wino, wala kumjeruhi yeyote ila penseli moja iliyotafunwa kichwa. Wako waliovuka majangwa wakasifiwa vizazi hata vizazi. Shujaa wa leo alivuka milinganyo miwili akiwa ameketi kwenye kigoda, vidonge vya uzi miguuni pake na vipande vya kitambaa mapajani, na sifa zake hazijatangazwa mpaka sasa kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitolea kuzitangaza. Basi imembidi ajitangaze mwenyewe.

Naam, shujaa huyo ni mimi: Mtikisa Kichwa, Mpaka Rangi Mistari, Mjenzi wa Ratiba Zisizofuatwa, ambaye shangazi yake, dada wa baba yake, alimpa jina fupi zaidi. Aliniita Bi Nimeelewa.

Shangazi ni fundi cherehani, nami ndimi msaidizi wake wa vifungo na pindo. Lakini moyo wangu ulikuwa kwingine. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimeikubali barua yangu, kimeikubali afya yangu, kimeukubali hata mwandiko wangu. Kilikataa kitu kimoja tu, nacho ni alama yangu ya hesabu. Kiliniambia kitanishikia nafasi mpaka matokeo ya mwaka huu yatoke, kisha kitampa mwingine. Nilikitaka chuo kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na hilo nalisema bila mbwembwe.

Hapo ndipo anapoingia katika tarehe hii yule bwana mkubwa, mlinzi wa lango, mwalimu wetu wa hesabu wa Jumamosi, ambaye sote tulimwita Onyesha Njia, kwa sababu ukimletea jibu tupu alilirudisha na maneno hayo mawili kwa wino mwekundu. Alitufundisha watu wazima katika darasa la watoto, magoti yetu yakigonga madawati. Viti vya mtihani alivyopewa vilikuwa vichache kuliko sisi, basi akasimama mbele yetu akanena.

"Nitaandikisha watu ambao najua wataweza kukaa peke yao na karatasi. Fanyeni zoezi la sura ya nane lote. Jumamosi ijayo nitajua nani ni nani."

"Tumeelewa, mwalimu," tukaitikia, na hakuna aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko mimi.

Basi nikajiandaa kwa vita kama ilivyo desturi yangu: nikachora ratiba. Lo, ratiba gani ile! Ilikuwa na rangi nne, visanduku vilivyonyooka kama mabati, na sehemu ya mapumziko iliyopambwa kwa maua. Kuichora kulinichukua siku nzima, na ilipokamilika nilikuwa nimechoka kiasi kwamba siku ya pili nilipumzika, kama ratiba yenyewe ilivyoelekeza. Siku ya tatu nilipaka rangi ya njano kila sentensi iliyoonekana muhimu katika sura ya nane. Sura nzima ikawa njano.

Ndipo nikaanza kile nilichokiita kusoma. Nilifungua mfano uliokwisha kufanywa na mwandishi wa kitabu, nikaufuata mstari kwa mstari, nikatikisa kichwa kwa heshima, nikasema, "Nimeelewa." Nikaenda kwenye mfano wa pili, nikatikisa tena. Kisha, nilipofika kwenye maswali yenyewe, nikakimbilia kurasa za mwisho ambako majibu yamepangwa, nikalitazama jibu, nikarudi nyuma nikiwa nimeshajua ninakokwenda. Hivyo ndivyo nilivyoliteka swali la kwanza, la pili, na mengine yote mpaka la saba.

Swali la saba lilisimama mbele yangu likiwa na silaha hizi: 3x + 2y = 11, na 2x − y = 12. Majibu ya mwisho wa kitabu yalisema x ni 5 na y ni 2. Nikaanza kwa ushujaa, nikaipata x, ikawa 5 kweli. Nilipoitafuta y nikafika mahali palipoandikwa kumi toa kumi na mbili. Nikaona mambo yanataka kuharibika. Nikazigeuza, kumi na mbili toa kumi, nikapata mbili, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Dhamiri yangu haikusema kitu. Nadhani nayo ilikuwa kwenye mapumziko ya ratiba.

"Umemaliza?" akauliza shangazi, macho kwenye sindano ya cherehani.

"Nimemaliza, shangazi. Na nimeelewa."

"Haya. Funga kitabu, uniandikie hilohilo hapa." Akanisukumia kipande cha karatasi anayokatia mashati.

Nikasimama, nikaweka mkono kifuani. "Ewe shangazi, dada wa baba yangu, uliyenilea kwa uzi na pasi! Je, elimu iliyokwisha kuingia kichwani yafaa kulazimishwa itoke tena hadharani, kama ng'ombe anayetolewa zizini ili ahesabiwe? Je, si heri—"

"Andika."

Nikaketi. Nikaandika x. Nikaitazama. Nikaandika y pembeni yake ili isiwe mpweke. Kisha nikapiga mstari chini ya zote mbili, na hapo majeshi yangu yote yakatawanyika. Sikukumbuka hata pa kuanzia, na swali lenyewe nilikuwa nimetoka kulifanya chai yangu ikiwa bado haijapoa. Niliogopa. Niliiona nafasi ya chuo ikiondoka na mtu mwingine, nikaona vifungo na pindo mpaka uzeeni.

Shangazi akaisimamisha cherehani. "Mwanangu, mimi hesabu sijui, hata ukinidanganya sitajua. Lakini nakuona. Wewe husomi, unachungulia. Miaka yote hii umenitazama nikitia kola. Umewahi kutia kola?"

"Sijawahi. Lakini nimeelewa jinsi—"

"Lete hicho kitabu."

Nikampa. Akazishika kurasa za majibu, akazikusanya pamoja, akazinyoosha kwa kiganja, akaziingiza chini ya mguu wa cherehani. Nikapiga kelele kuwa kitabu hakishonwi. Akasema hata yeye hajawahi kusikia kinashonwa. Kisha akakanyaga, na sindano ikapita juu, ikapita pembeni, ikapita chini, kwa uzi mweusi wa suruali, mshono maradufu. Ngome ikafungwa, na yote yaliyojulikana kuhusu sura ya nane yakabaki ndani.

"Na mkasi," akasema, akiutia mfukoni mwa aproni ya kazi aliyojifunga kiunoni, "utakaa na mimi."

Enyi wasikilizaji, niwaambie yaliyofuata? Yalikuwa mabaya. Kila asubuhi, kabla ya kifungo cha kwanza, niliketi na karatasi nyeupe na swali, wala hakuna pa kukimbilia, na kila asubuhi nilipigwa. Nilipigwa na alama za kutoa, nilipigwa na mabano, nilipigwa na swali la kwanza ambalo juzi tu nililishinda nikiwa nacheka. Mwanzoni nikianguka nilirudi kwenye mfano, nikautikisia kichwa, na shangazi akikiona kichwa kinakwenda juu na chini alikohoa. Basi nikajifunza kuusoma mfano mara moja, kuufunika kwa kitambaa, na kuufanya mwenyewe. Nikikwama nafunua mstari mmoja tu, kisha nafunika tena. Maswali niliyokosea niliyarudia kesho yake, maana nilikuwa nimegundua kwa uchungu kwamba swali lililonishinda jana halinihurumii leo kwa sababu nililitazama vizuri. Ile ratiba ya rangi nne shangazi aliikata akaifanya kiolezo cha mfuko wa shati. Ilifaa sana. Huo ulikuwa msaada wa kwanza wa ratiba ile kwangu na kwa mtu yeyote.

Hatimaye nikalifikia swali la saba kwa mara ya pili. Nikaitoa y upande wake, nikaiingiza kwenye mlinganyo wa kwanza, saba x ikawa thelathini na tano, x ikawa tano. Nikaenda kuitafuta y. Kumi toa kumi na mbili. Safari hii sikuwa na ujasiri wa kuzigeuza, nikaandika kilichokuwapo: hasi mbili.

Lakini nilikumbuka. Kurasa zilikuwa zimeshonwa, kichwa changu hakikushonwa, na kichwani kitabu kilikuwa bado kinasema mbili. Nikafuta nikaanza upya. Hasi mbili. Nikabadilisha karatasi. Hasi mbili. Nikabadilisha penseli, nikabadilisha kigoda, nikakaa upande mwingine wa meza ya kukatia. Hasi mbili.

"Shangazi," nikasema kwa sauti ya mtu aliyezingirwa, "naomba mkasi."

"Wa nini?"

"Nione kitabu kinasema nini."

"Hukumbuki kinasema nini?"

"Nakumbuka. Kinasema mbili."

"Sasa mkasi wa nini?"

Nikalikodolea macho swali, nalo likanikodolea. Ndipo nikaiona, juu ya ukurasa, katikati ya bahari yangu ya rangi ya njano, sentensi ambayo Onyesha Njia huirudia kila Jumamosi na ambayo mimi huitikisia kichwa kila Jumamosi: jibu lirudishe kwenye swali lilikotoka. Nilikuwa nimeipaka rangi mara mbili. Kuifanya, sikuwa nimeifanya hata mara moja.

Nikairudisha ile mbili ya kitabu. Tatu mara tano, kumi na tano, ongeza nne, kumi na tisa. Swali lilitaka kumi na moja. Nikairudisha hasi mbili yangu. Kumi na tano toa nne. Kumi na moja. Nikajaribu mlinganyo wa pili, nao ukakubali.

Jumamosi ikawadia. Onyesha Njia akakusanya karatasi, akazipitia, akasimama na chaki mkononi.

"Swali la saba. Nani amepata y ni mbili?"

Mikono ikainuka darasa zima. Mbele kabisa uliinuka mkono wa yule karani wa ofisi ya ardhi, mtu mwenye mwandiko wa kupendeza na rula ya chuma. Mkono wangu nao, nakiri, ulianza kupanda wenyewe kwa mazoea. Nikaushika kwa mkono wa pili nikaushusha.

"Nani amepata kingine?"

Nikasimama. Goti likagonga dawati, nalo likatoa mlio wa ngoma ya vita.

"Ewe mwalimu, mlinzi wa lango! Nanyi wenzangu wa madawati mafupi! Nasimama mbele yenu peke yangu, si kwa kiburi, bali kwa kuwa njia niliyoipita—"

"Dada, fupisha," akasema mwalimu.

"Hasi mbili."

Wakacheka. Karani akageuka, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada'ngu, nenda nyuma ya kitabu. Kimeandika mbili."

"Kitabu kimeandika," nikasema, "lakini swali linakataa."

Mwalimu akaninyooshea chaki. "Onyesha njia."

Nikaenda ubaoni, nikaionyesha. Nikaandika kumi na tano toa nne, nikaandika kumi na moja. Kisha chini yake nikaandika ya kitabu, kumi na tano ongeza nne, nikaandika kumi na tisa, nikarudi kando. Kicheko kikaisha. Nikasikia kurasa zikifunguliwa kwa haraka, darasa zima likikimbilia nyuma ya kitabu, mahali ambapo kitabu changu hakifunguki.

"Ni kosa la uchapaji," akasema Onyesha Njia. "Nalijua tangu nilipoanza kufundisha kwa kitabu hiki. Sijawahi kulisema, maana ndilo linaloniambia nani amefanya na nani amechungulia. Nyinyi wengine mtarudi Jumamosi ijayo na zoezi jingine, na mkija na njia zenu nitawaandikisha mpaka viti viishe. Wewe njoo uandike jina lako."

Nikaliandika. Herufi zilitoka zimepinda, na wala sikujali.

Basi na iandikwe, enyi wenye kuandika, na isomwe, enyi wenye kusoma: kwamba katika zama zetu alitokea mtu aliyelikataa jibu lililochapishwa, na akaishika alama ndogo ya kutoa, fupi kuliko ukucha, akaipeleka mbele ya hadhara wala isimponyoke. Mtihani wenyewe ulikuwa bado mbele, na chuo, na mambo makubwa zaidi yote. Hayo yana siku zake. Hii ilikuwa siku ya alama ya kutoa.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia shangazi yote, pamoja na hotuba niliyokatizwa, ambayo nilimtolea hadi mwisho. Alisikiliza huku anapiga pasi. Nilipomaliza akautoa mkasi mfukoni.

"Nikufumulie kurasa zako?"

"Ziache tu."

Akatikisa mabega, akaurudisha. Nikamwona anafurahi, maana akaninunia kidogo kama afanyavyo akifurahi. Kisha akavuta shati lililokuwa halina shingo, akaketi, akatia kola polepole huku nikimtazama, akageuza, akapindisha, akashona. Akalinyanyua.

"Umeona? Inakwenda hivi, unarudi hivi. Umeelewa?"

Kichwa changu kikaanza safari yake ya zamani kwenda chini. Nikakizuia katikati ya njia.

"Sijui," nikasema. "Hebu nipishe hapo nijaribu."

Akanipisha kwenye cherehani. Kola ilitoka upande, mbaya sana. Nikaifumua, nikaanza tena.