Maadui wa Kahawa

Jumatatu, 10 Novemba 2025
Siku njema! Nimemshinda Kathembo bila kumgusa. Jirani huyu huanika kahawa yake chini, kando ya barabara ya Mpondwe, na wanunuzi wote husimama kwake kabla ya kunifikia mimi. Leo kipindi cha siasa redioni kilikuwa kinapokea simu. Nikaziba mdomo kwa leso, nikajiita Mzee Tonny wa Hamukungu. Nikasema anayeanika kahawa kwenye udongo ni adui wa kahawa yetu. Mtangazaji akauliza, watu wa Hamukungu ni wavuvi, wanajua nini kuhusu kahawa? Nikasema tunainywa. Nikakata simu, jasho likinitoka.

Mimi huanika juu ya turubai. Niko salama kabisa.

Jumatano, 12 Novemba
Mambo yamekuwa makubwa. Mheshimiwa Benon, anayegombea uenyekiti wa wilaya, kasema mkutanoni Kasese kwamba maadui wa kahawa washughulikiwe. Mchana mpinzani wake, Mheshimiwa Clare, kasema Benon ni mpole mno. Hao si maadui tu, ni wahaini. Jioni Benon kaongeza kwamba wanatumwa na watu wa ng'ambo ya mpaka. Wanatumwa! Mimi nilitaka wanunuzi watatu tu.

Mke wangu Teopista kauliza kwa nini watu wananong'ona sokoni. Nimesema sijui. Naogopa.

Vijana wa Benon wamepita kuomba turubai la kufunika jukwaa. Nimewapa upesi, tena kwa mikono miwili. Siku hizi si za kumnyima mtu wa Benon kitu. Kahawa yangu nimeimwaga uani, chini. Siku mbili tu.

Alhamisi, 13 Novemba
Baraza la wilaya limekaa, limepitisha sheria. Hakuna aliyethubutu kupinga, maana anayepinga ni mhaini. Kahawa itakayokutwa chini itachukuliwa na mwenyewe atalala ndani. Askari wanaanza Jumamosi.

Kuna baya zaidi. Wanamtafuta Mzee Tonny wa Hamukungu! Eti anawajua maadui wote, aje awataje. Nimechomoa laini ya simu na kuitupa chooni. Ilipozama ndipo nilipokumbuka kwamba namba za wanunuzi wangu zote zilikuwa humo.

Nimekwenda kudai turubai. Sasa limechorwa uso wa Benon, nikaambiwa kulishusha ni kumtukana mheshimiwa. Nikaomba radhi, nikaondoka.

Na Kathembo? Katengeneza vichanja! Alisikia redio, akakata nguzo, akafunga matete juu, kahawa yake yote iko hewani. Katika mji wetu wote wa Bwera, aliyefuata ushauri wangu ni yeye peke yake.

Jumamosi, 15 Novemba


Walikuja saa tatu asubuhi. Askari sita, hakuna hata mmoja wa huku. Nilikuwa nimeifunika kahawa kwa shuka zetu, nikamsihi Teopista alale juu yake ajifanye mgonjwa. Akasema, Baba Kabugho, lala mwenyewe. Nikalala. Afande akanisukuma kwa buti. "Wewe! Amuka! Kahawa iko ya nani?" Wakaanza kujaza magunia. Jasho la mwaka mzima! Nikajiona nimeshakaa garini katikati yao, naulizwa nani amenituma.

Kathembo akaja mbio. "Afande, ile iko yangu. Vichanja ilijaa, nikamuombaka huyu kiwanja. Napandisha sasa hivi." Akachota kwa beseni, na watu wake wakachota. Wangeweza kumchukua yeye, na alilijua hilo. Afande akakagua vichanja, akaridhika, akamwandika Kathembo kuwa mkulima wa mfano.

Nililia mbele za watu wote. Kathembo akanishika bega, akasema jirani ni jirani, niende ninywe chai.

Jumapili, 16 Novemba
Kahawa yangu inakauka vizuri kwa Kathembo. Kanisani nimemshukuru Mungu. Kisha nimetoka nje nikaona wanunuzi wamemzunguka Kathembo, wanamwita mkulima wa mfano, hata kumpiga picha. Imeniuma sana.

Nimekwenda kuhesabu nguzo za vichanja vyake. Arobaini na mbili. Mikaratusi mibichi! Niliporudi kanisani, Mheshimiwa Clare, aliyekuja kuomba kura, alikuwa bado anasalimia waumini, nami nikamnong'oneza maneno mawili tu: wakata miti. Akafumba macho, akayarudia polepole, kama anayeonja mchuzi. Kufikia jioni alikuwa redioni. Wakata miti ni maadui wa mlima, wasakwe nyumba kwa nyumba.

Teopista kauliza, turubai lisiporudi, mavuno yaliyobaki shambani tutayaanika wapi. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, anitafutie panga. Kesho mapema napanda mlimani kukata nguzo za vichanja vyetu.