Kuhusu Wasichana Wanaojizungusha Mbele ya Kioo Changu

Kwako Mwalimu Mkuu,
Shule ya msingi iliyo nyuma ya karakana yangu.

Salamu nakuletea, nami naomba barua hii ikukute umekaa, tena kwenye kiti chenye mgongo.

Mimi ndiye fundi uliyemkabidhi kazi ya kushona magauni kumi na manne ya wasichana wa kwaya, yatakayovaliwa Jumamosi, Siku ya Wazazi. Mtaani wananiita Fundi Sentimita. Walinipa jina hilo kwa kunicheka, nami nikalipokea na kuliandika juu ya mlango. Nilianza na cherehani ya kuazima, mguu mmoja mbovu, nimeuwekea tofali. Leo ninazo tatu, zangu mwenyewe, zina miguu yote. Sikufika hapa kwa kutupa kitambaa. Nyuma ya karakana nina magunia sita ya mabaki ya kila nguo niliyopata kushona, yamepangwa tangu la kwanza hadi la juzi. Majirani huja kuyaomba wajazie mito. Nawaambia akiba haiozi, na mito ina pamba yake.

Agizo lako ninalo hapa mezani. Uliandika: "Magauni ya buluu, manyoofu, ya kufanana, yasiyo na mbwembwe." Nilipolisoma nilimwambia mume wangu kwamba hatimaye amepatikana mwanamume anayenielewa. Hakufurahi, ila hayo ni ya nyumbani kwetu. Ukaniletea mita ishirini na moja walizochangia wazazi. Gawa kwa watoto kumi na wanne: kila mmoja mita moja na nusu, wala hakibaki hata cha kufutia miwani. Nikakata, nikashona, nikawaita watoto waje kujaribu. Malalamiko yangu yanaanzia hapo, nami nayapa namba ili usije ukasema hukuyaona.

1. Wanafunzi wako wameleta kipimo kisichojulikana na mafundi. Gauni la mtoto hukaguliwa mahali pane: begani, kwapani, kiunoni na kwenye pindo. Wa kwanza kuingia alikuwa yule mdogo wa darasa la pili, anayeanzisha wimbo, ambaye wenzake wanamwita Pia kwa kuwa hatulii, kama ile pia ya kuchezea. Bega likakaa. Kwapa likakaa. Kiuno kikakaa, na pindo likatulia kama maji ndani ya beseni. Nikarudi nyuma hatua moja kungojea shukrani. Mtoto akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono, akajizungusha mara tatu, kisha akatazama chini. Gauni halikuinuka. Lilimng'ang'ania magotini kama mtoto asiyetaka kuachwa shuleni. Akaniangalia kwa huruma, Mwalimu, mimi, mwenye cherehani tatu, akasema: "Pole, Bibi. Gauni lako limekufa."

2. Ugonjwa huu unaambukiza. Wale kumi na watatu walikuwa nje, pua zimebanwa kwenye kioo cha dirisha. Kila aliyeingia alijizungusha, kila aliyejizungusha alitazama chini, na kila aliyetazama chini alinipa pole. Mmoja aliniuliza kama lilikufa lenyewe au nililiua kwa mkasi. Yule mrefu wanayemwita Ngazi si msemaji. Alizunguka mara moja tu, taratibu, ili asiniaibishe, halafu akasema, "Ni zuri, Bibi. Ni zuri likiwa limesimama." Matusi ya wateja nimeyazoea, nayatundika ukutani pamoja na mkasi. Adabu ya mtoto yule ndiyo iliyonimaliza.

3. Sasa kuna mgomo. Pia ametangaza kwamba Jumamosi haimbi. Nilimkumbusha kwamba yeye ndiye anayeanzisha, na asipofungua mdomo wenzake watasimama mbele ya wazazi kimya kama nguo kwenye kamba. Akanijibu bila haraka: "Mimi siimbi ndani ya maiti." Nikamwita mama yake aje amkanye. Mama huyo ni muuguzi, na ameomba ruhusa kazini Jumamosi, ya kwanza tangu mwaka uanze, ili amsikie mwanawe. Tena nilimshonea mwenyewe alipokuwa na umri kama wa bintiye: gauni la njano, vifungo vyeupe. Nikajua huyu ni wa upande wangu. Akalichukua gauni, akaligeuza ndani nje, akasema mshono ni safi sana. Kisha akakohoa. Mwalimu, mimi kikohozi cha mteja nakijua kuliko daktari.

4. Mali zangu zimeharibika. Ninayo sanamu ya kuvalishia nguo, nimeipa jina la Shangazi kwa sababu inasimama mlangoni na haipendi mtu. Wasichana wako waliamua kumpima na yeye. Walimzungusha. Shangazi hajawahi kuzungushwa katika maisha yake. Alianguka kifudifudi juu ya kopo la pini, na pini zile mpaka leo nazikuta kwa nyayo. Tena, mbele ya kioo, chini ya mkeka, sakafu imelika duara zima, upana wa sinia, kina cha sahani ya chai. Saruji ile niliilipia mimi. Visigino ni vya shule yako.

5. Hesabu haikubali. Gauni linaloinuka hukatwa duara, na kwa kitambaa hiki chembamba duara linakula mita tatu kwa mtoto. Mara kumi na nne ni mita arobaini na mbili. Uliniletea ishirini na moja. Yaani ili watoto wako wafurahi kwa muda wa mizunguko mitatu, wazazi wachange tena kiasi kile kile walichochanga kwa kunung'unika. Nilimweleza mume wangu, ambaye aliendesha malori mpaka alipostaafu, nikitegemea atatikisa kichwa kwa masikitiko. Alitikisa gazeti. Akasema, "Mke wangu, gari lisilokata kona nani atalinunua?" Nikamwambia gauni si lori. Akasema, "Hilo lako la buluu linakaribia."

6. Jambo hili nilikusudia kuliacha, lakini namba tano hazitoshi kwa hasira niliyonayo. Mimi pia nilikuwa msichana. Gauni langu la kwanza lilitokana na gunia la unga. Mama alilitoboa matundu matatu, moja la kichwa na mawili ya mikono, akalifua mpaka maandishi yakafifia, yakabaki mgongoni kidogo, "kilo hamsini". Lilikuwa nyoofu kama gunia kwa sababu lilikuwa gunia. Halikuinuka. Wala sikulijaribu, maana nilijua jibu. Nikakua, nikafanya kazi, nikanunua cherehani. Basi naomba kuuliza, kwa heshima zote: kama mimi nimefika hapa bila kuzunguka, hawa wana haraka ya kwenda wapi kwa kuzunguka?

Kwa kuwa mwalimu ni mzazi wa pili, natoa maombi yafuatayo, nayo ni madogo.

(a) Kujizungusha kupigwe marufuku shuleni mpaka Jumamosi jioni. Atakayetaka kutazama nyuma ageuze shingo peke yake.

(b) Kwa kuwa msichana anayekata kona tayari amefanya robo ya mzunguko, na kona nne ni mzunguko kamili, wasichana wa kwaya wapewe darasa lililo mkabala na lango, waingie moja kwa moja na kutoka kinyumenyume.

(c) Nimeambiwa katika ofisi yako kuna tufe la dunia juu ya kabati, na kwamba darasani mnafundisha dunia nayo inajizungusha, usiku na mchana, bila ruhusa ya mtu. Sina ugomvi na sayansi. Ila hamuwezi kumwonyesha mtoto kitu kikubwa namna ile kinajizungusha halafu mtegemee yeye atulie. Somo hilo lisogezwe hadi Jumatatu, na tufe lifunikwe.

(d) Uniandikie cheti, chenye mhuri, kinachothibitisha kwamba magauni yangu yako hai. Kisomwe paredi.

(e) Umwamuru Pia aimbe. Yule akiamriwa hutii. Tatizo ni kwamba hutii kwa sauti ya chini, na mama yake ataketi safu ya mwisho kwa sababu atakuwa anatoka zamu ya usiku na hachelewi kuchelewa. Basi umwamuru pia aimbe kwa sauti.

Nisipopata jibu, nitalazimika kuyarudisha magauni kama yalivyo, na kila atakayeuliza nitamwonyesha agizo lako. Mkasi haujui samahani, Mwalimu, wala mimi sijawahi kufumua kazi iliyokwisha. Ukisikia Fundi Sentimita amefumua, jua amezikwa.

Nisalimie walimu wote, hasa yule wa hesabu, na umwambie suruali yake iko tayari tangu mwezi uliopita. Msalimie mlinzi wa lango, kadhalika mama wa jikoni na goti lake. Wasalimie watoto wote, hata wale kumi na wanne. Mume wangu anakusalimu, akiwa nyuma ya gazeti.

Ni mimi, mwenye kulalamika kwa nia njema,
Fundi Sentimita

Nyongeza. Barua hii niliimaliza juzi, ila nilikosa bahasha. Nikaenda kutafuta nyuma ya magunia, na kufika bahasha ilipo ilinibidi niyasogeze, na gunia la pili toka chini likapasuka. Kikaanguka kipande cha njano. Nilikijua kabla hakijafika sakafuni: ni lile gauni la muuguzi, alipokuwa kama Pia alivyo sasa. Nikaketi palepale chini. Mume wangu akaja kuona kimeanguka nini, akakuta nimefungua na mengine.

Basi magauni yamo kwenye kapu hili lililoleta barua. Yahesabu. Ni kumi na manne, ya buluu, manyoofu, ya kufanana, yasiyo na mbwembwe, kama ulivyoagiza, yakiwa yamesimama. Nimefumua kidogo tu. Kila moja nimelipasua mahali sita toka pindo kwenda juu, nikaingiza pembetatu za mabaki, nikazikunja kwa ndani kama marinda ili zisionekane mpaka mwenye gauni azunguke. La Pia ni njano. La Ngazi lina maua mekundu. Shangazi yake wa kweli, si yule wa mlangoni kwangu, atayakumbuka, maana alilia siku nilipoyakata. Kila mtoto nimemtafutia kitambaa cha mtu wake. Wawili tu ndio ambao sijapata kumshonea mtu wao yeyote, hao nimewapa hariri ya mabibi harusi, wasije wakajiona wameletwa na maji. Wazazi hawadaiwi hata sentimita. Magunia yamebaki matatu.

Pia alikuja jana kujaribu. Alizunguka, akatazama chini. Akazunguka tena. Kisha akaanza kuimba ule wimbo wenu palepale, bila kuamriwa, na fundi wa viatu wa ng'ambo ya barabara akazima redio yake. Kwa hiyo ombi (e) nalifuta. Tufe lifunueni.

Dai la sakafu nalifuta pia. Mume wangu ameinua mkeka na kunikumbusha kwamba tuliununua makusudi kulifunika lile duara, wakati shule yako bado ni shamba la mahindi. Kumbe wamekuwa wakijizungusha miaka yote hii, mama zao na wao. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, pini mdomoni, naangalia pindo.

Ombi langu limebaki moja. Jumamosi uniwekee kiti cha pembeni, peke yake, chenye nafasi tupu ya mita moja na nusu kila upande. Kitambaa cha gunia la mwisho nililofungua kilitosha gauni moja la mtu mzima. Nafasi hiyo nimeipima mwenyewe, na Shangazi ameanguka mara ya pili.