Jua Limezinduliwa Mutakura

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa mkuu wa zone, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma koti lake, nalo limekalishwa mbele hapa, waheshimiwa wakuu wa nyumba kumi-kumi, pamoja na yule mwenye nyumba saba, masheikh na wachungaji mliokubali kukaa chini ya hema moja, Bi Ruqaya, mwenye viti mlivyokalia, wapiga ngoma, mama zangu, baba zangu, na nyinyi mlioona hema mkadhani ni arusi: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtu anauliza chakula ni saa ngapi.) Anayesema nanyi ni mimi, Fulgence, ingenieri wa heshima, Mratibu Mkuu wa Muda wa Kudumu wa Projeti ya Jua kwa Kila Paa, na asubuhi hii, mbele ya macho yenu, ninalizindua rasmi jua. (Ngoma. Watu wote wanatazama juu. Jua lipo.)

Ndugu wananchi, kipaza sauti hiki hakitumii ule umeme wetu unaokuja kama mgeni na kuondoka bila kuaga, bali kinakula jua moja kwa moja kutoka kwenye paneli ile yenye utepe, juu ya nyumba ya Mama Ernestine, bila betri yoyote, kwa sababu ofisi yangu imechunguza jambo hili kwa kina na kuona kwamba kununua betri ni dalili ya kutoliamini jua. (Vainqueur, fundi umeme wa mtaa, anapaza sauti: “Bila betri, wingu ikipita, unanyamaza!” Vicheko.) Fundi Vainqueur, hoja yako imepokelewa na itaundiwa komite, ambayo wewe hutakuwemo.

Sasa nije kwenye mambo ambayo mwenye nyumba anapaswa kuyajua kabla ya kupandisha paneli, nayo ni mengi, na yote nayajua mimi. Utafiti wetu umeonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya paa za mtaa wetu huu wa Mutakura ziko juu ya nyumba, na hizo tatu zilizobaki zilichukuliwa na upepo na tunazifuatilia. (“Eeeh!”) Wapo wanaosema mwenye nyumba apande kwanza aone kama mbao zimeliwa na mchwa na kama bati litabeba mzigo, mimi nasema asijisumbue, mchwa wataandikiwa barua. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, paneli itazame kaskazini na ilale kidogo ili mvua iioshe vumbi; mimi nimeagiza paneli zote zitazame ofisi yangu, kwa maana huko ndiko yanakotoka maagizo. Na kabla ya yote, uandike vitu vyako vinavyokula umeme, taa ngapi, redio ngapi, kila kimoja saa ngapi kwa siku, halafu... (Khadidja, mshonaji, anakatiza: “Na pasi?” Vainqueur: “Pasi apana, mama! Pasi itamaliza yote, utabakia na giza!” Khadidja: “Aksanti, fundi. Angalau mutu mumoja anajibu.” Makofi marefu, hayakuwa ya Mratibu.) Asanteni kwa makofi hayo mliyonipigia.

Nije kwenye kivuli. Kivuli, ndugu zangu, ni adui wa maendeleo. Fundi mmoja, simtaji, yuko pale, alishauri mpunguze matawi tu. Mimi katika waraka wangu namba moja nikaandika: kata mti, upate paneli. Na nani alitii siku ileile? Mama Ernestine huyu, aliyevuka mpaka kutoka Uvira na mfuko mmoja, muuza juisi ya matunda ya marakuja, ambaye haombi makubwa, anaomba friji moja iwake, juisi yake isichachuke kabla ya saa sita. Aliuangusha mparachichi wake mzima! Simama, mama, wakuone. (Ernestine anasimama, na hakai tena. “Mi nilikata muti yangu ya avoka, ile ilikuwa inalisha batoto. Mulisema: kata, utapata. Sasa ile paneli iko juu ya nyumba yangu, ni yangu ao apana?”) Swali zuri. Swali zuri mno. Litajibiwa mwishoni, pamoja na mengineyo, katika roho ya ushirikishwaji, uwazi na...

(Wingu limeshuka kutoka milima ya Gihosha. Kipaza sauti kinakoroma, kinakata. Midomo ya Mratibu inaendelea kwa dakika nzima, kisha anakigonga kwa kidole, anakitikisa, anaona kimekufa. Anamgeukia katibu wake, Christa, kipaza sauti kikiwa bado mkononi, na kumsemesha kwa raha zake. Hapo wingu linapita.)

...asante sana, Christa, umeipanga vizuri sherehe hii, mpaka mimi mwenyewe nimekaribia kuamini. Viti vya Ruqaya, hema la kanisa, ngoma za kuazima, kila kitu cha kuazima, hata wali unapikwa kwa kuni za mti wa huyu mama. Paneli irudi kwa Tajudini, muuza paneli aliyetuazima, dukani kwake Nyakabiga saa sita kamili, nilimwapia. Huyo Mama Ernestine mwambie faili lake linasomwa. Faili gani, atauliza? Mwambie tu. Projeti haina paneli, haina faili, haina hata meza, ina mimi na wewe na hotuba hii. Kwa nini wote wananitazama hivyo? Christa, mbona nasikia sauti yangu?

(Mtaa mzima unacheka mpaka viti vya Bi Ruqaya vinaanguka. Ernestine peke yake hacheki. Tajudini anasimama upande wa masheikh: “Wallahi, hairudi! Mi niko na zingine tatu. Ikae kwa Ernestine, na betri naleta leo. Nataka kitu kimoja tu: Ramadani ikifika, juisi ya futari itoke kwake, na ikuwe baridi!” Vigelegele. Vainqueur anapanda ngazi, anakata utepe, anaanza kuigeuza paneli kaskazini. Ernestine anajifuta macho, anaingia nyumbani, anatoka na jembe na mche wa avoka kwenye kopo, na kumwekea Mratibu jembe mkononi. “Pale upande wa nyuma, kivuli haifike ile paneli. We utachimba.”)

Ndugu wananchi! Jua! (“Letu!”) Kivuli! (“Chimba!”) Kama nilivyoahidi, na kama mnavyoshuhudia, Projeti ya Jua kwa Kila Paa imekamilika kwa asilimia mia moja ya paa moja, shukrani ziwaendee wadau wote, hasa Bwana Tajudini, aliyetupa paneli ambayo hatukuwa nayo, na Mama Ernestine, aliyetupa jembe ambalo sikuliomba. Nami kwa mamlaka niliyojipa, nikivua koti, Christa nishikie, liweke na lile lingine pale mbele, ninalizindua rasmi shimo.

(“Chini zaidi, Mheshimiwa!”)