Pai Mbili na Kioo cha Bibi Beckwith

Jumanne, 9 Aprili

Imethibitishwa. Tavion Beckwith anakuja kutembelea chuo Jumamosi. Miaka kumi na minane, meta mbili na sentimita nane, kutoka mji wa Gary. Chuo chetu kidogo cha Pellam kimo katika viwili vilivyobaki kwenye orodha yake. Kingine ni Ridgemont. Jina hilo hata kuliandika naona tabu.

Msimu uliopita Korongo, timu yetu ya mpira wa kikapu, walishinda mechi sita, wakafungwa ishirini na nne. Za nyumbani nilizitazama zote. Mstari wa tatu, kiti cha saba. Kilikuwa cha baba tangu ukumbi ulipofunguliwa, na alipofariki kikawa changu. Baba alikufa bila kuona ubingwa. Mimi sitaki kufa hivyo.

Kinachoniuma ni kwamba habari nimeipata kwa Gene Overmeyer. Gene ni tarishi mstaafu na anakaa mstari wa nne, kiti cha saba, yaani magoti yake yamo mgongoni mwangu mwaka wa kumi na tisa huu. Ameandika kwenye jukwaa la mashabiki mtandaoni kwamba ameambiwa na kinyozi wa kocha. Akaongeza kwamba wengine watasoma gazetini. Hao wengine ni mimi.

Marlene, mke wangu, anasema nimwache mtoto achague mwenyewe. Kwani nimemshika?

Alhamisi, 11 Aprili

Gene anaandika kwamba Tavion anaegemea Ridgemont. Eti ni kwa sababu ya bibi yake. Bibi ndiye aliyemlea, na bibi anataka mjukuu aende mahali ambapo watu wana utu. Nimeusoma ujumbe huo mara tisa. Katikati ya kusoma, kazini gereji, nimefunga mkanda kinyumenyume kwenye mashine ya kukata nyasi ya mchungaji. Ameiwasha, ikamfukuza.

Lakini nimepata wazo. Mji mzima utakuwa unamtazama kijana. Nani atamtazama bibi? Hakuna. Na utu ninao mimi, hata wa akiba.

Kila mwaka, pamoja na tiketi za msimu, chuo hututumia kadi ya buluu yenye maelezo. Yetu imekunjwa chini ya mguu wa friji, ule unaoyumba. Sikumbuki inasema nini. Mambo ya maegesho, nadhani.

Jumamosi, 13 Aprili

Ushindi.

Nilimkuta Bibi Odessa Beckwith peke yake barazani mwa hoteli waliyofikia, mjukuu akiwa anatembezwa na kocha. Mama mfupi, kofia ya zambarau, macho yanayokupima mpaka soksi. Nikajitambulisha kuwa ni Verlin Stuckey, fundi wa mashine za kukata nyasi, shabiki wa kawaida tu. Nikampa pai ya krimu na sukari. Ilikuwa ya Marlene, ipo mezani imepoa, nani angejua ina mwenyewe.

Akaniuliza imetoka kwa nani. Nikasema kwa watu wa Pellam. Akasema watu wa Pellam wana mikono mizuri.

Hapo mvua ikaanza, naye akashtuka. Kioo cha gari lake, upande wa dereva, kimekwama chini tangu Februari, anakiziba kwa mfuko wa plastiki. Mungu hamtupi mja wake! Nikatoa vifaa. Dakika arobaini nimelowa chapachapa, kioo kinapanda na kushuka kama kipya. Aliniuliza namdai kiasi gani, nikakataa katakata. Akaniangalia muda mrefu. Nikajua nimemgusa moyo.

Pai ilikuwa ya matanga ya mzee Hoffer. Marlene ameenda kwa wafiwa na mkebe wa biskuti. Tangu alasiri hasemi nami.

Jumatano, 17 Aprili

AMETIA SAINI. Na ni kwetu.

Nimelia gereji. Nasema wazi, nimelia, na mteja alikuwepo. Nimemwambia ni mafuta yameniingia machoni.

Jukwaani watu wamepagawa. Mmoja ameapa kumpa mwanawe jina la Tavion, kumbe mwanawe ana miaka kumi na mmoja na tayari anaitwa Keith. Mwingine anauliza kama milango ya mabweni ina urefu wa kutosha. Na Gene, bila haya, anaandika kwamba alijua siku zote, kinyozi alimdokeza.

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikaandika: "Wengine husubiri minong'ono ya kinyozi. Wengine huenda wenyewe hotelini na pai. Muulizeni Bibi Beckwith nani alimtengenezea kioo cha gari." Nikabonyeza. Nikajimiminia soda ya tangawizi na kungoja pongezi.

Alhamisi, 18 Aprili

Hazikuja pongezi.

Saa moja asubuhi Gene alijibu kwa picha tu. Picha ya kadi ya buluu. Chini yake hakuandika neno, na Gene akikosa neno ujue kuna msiba.

Nimeinua friji. Maziwa yamemwagika, mayai manne yamekwenda. Nimeisoma kadi nikiwa nimepiga magoti sakafuni. Haina hata neno moja la maegesho. Inasema shabiki haruhusiwi kumpa mchezaji anayesajiliwa, wala ndugu zake, wala marafiki zake, zawadi, chakula au huduma yoyote ya bure. Inasema mchezaji anaweza kufungiwa. Si shabiki. Mchezaji!

Nimeufuta ujumbe wangu. Bure, watu walikwisha kuupiga picha. Hadi saa sita mchana kulikuwa na majibu mia mbili na kumi na nne. Wananiita Baba Pai. Mmoja anauliza kwa upole kama mimi ni jasusi wa Ridgemont.

Marlene amesoma yote akiwa amesimama nyuma yangu. Amesema: "Verlin, kiherehere chako kitamponza mtoto wa watu." Naogopa. Kijana hajagusa hata mpira wa Pellam, na mimi nimeshatia mchanga kitumbua chake.

Ijumaa, 19 Aprili

Sikula. Nimekata simu mbili za chuo bila kupokea. Wakikosa kunipata, labda watachoka.

Nimefikiri kwa utulivu. Kosa ni nini hasa? Kioo kilichokuwa kibovu sasa ni kizima, na pai iliyokuwa kwetu ikawa kwao. Basi kila kitu kikirudi kama kilivyokuwa, kosa linabaki wapi? Pai siwezi kuirudisha, imeliwa. Kioo ninaweza. Nitakwenda Gary kesho, nitamwomba Bibi Beckwith kwa heshima zote aniruhusu nikiharibu tena.

Marlene akiuliza, naenda kutafuta vipuri.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeendesha kwa muda wa saa tatu. Mtaa niliupata jukwaani, nyumba kwa kulitambua gari. Kioo kimepanda vizuri, kazi safi kabisa. Iliniuma.

Bibi Beckwith alifungua mlango akiwa na kofia ileile. Nikamweleza haja yangu. Akaniomba nirudie, polepole. Nikarudia.

"Mwanangu," akasema, "umeendesha gari kutoka Pellam kuja kunivunjia kioo?"

Nikasema si kuvunja, ni kulegeza waya mmoja tu. Akanikalisha barazani kwake na kunipa somo. Yeye amelea mtoto wa meta mbili. Tangu mtoto ana miaka kumi na mitatu watu wanamletea yeye viatu, simu, nyama ya nguruwe, na mmoja alimletea kochi. Kanuni anazijua kuliko mashabiki wote wa jimbo hili. Siku ileile ya mvua, hata pai haijakatwa, alimweleza kocha, na Jumapili akapiga simu ofisi ya kanuni ya chuo. Wakamwambia atoe kwa shirika la hisani thamani ya pai na ya kazi ya kioo. Akatoa. Jumatatu faili likafungwa. Tavion akatia saini akiwa msafi kabisa.

Ina maana siku tatu hizi sikula bure. Ina maana mtoto alikuwa salama muda wote. Nikasimama nimshukuru, na ndipo alipoyatupa macho kwenye mikono yangu.

"Na hiyo ni nini?"

Ilikuwa pai. Niliioka mwenyewe. Mtu haendi nyumbani kwa watu mikono mitupu, mama yangu alinilea hivyo. Nikasema hii ni ya kuomba radhi tu.

Bibi Beckwith alifumba macho. Halafu akaita ndani aletewe simu.

Aliyeileta ni Tavion mwenyewe, akiinama kupita mlangoni. Nilikuwa nimeota siku hiyo kwa wiki mbili. Nilitaka kumwambia habari za baba, za kiti, za mechi ishirini na nne tulizofungwa. Akamuuliza bibi yake kwa sauti ya chini: "Ndiye yule wa pai?" Bibi akaitikia kwa kichwa. Akanigeukia. "Mzee, naomba uende. Tafadhali. Nisije nikafungiwa."

Alikuwa na uso wa mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Nilitegemea kumwona jitu. Kumbe ni mtoto, na ananiogopa mimi.

Nikaondoka. Pai nimeila mwenyewe njiani, kituo cha mafuta. Ilikuwa ngumu kama tofali.

Jumatatu, 22 Aprili

Bi Renner wa ofisi ya kanuni amenipata, kwa kuja gereji mwenyewe. Mwanamke mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Alikuwa na faili. Juu ya faili jina langu, na faili lenyewe nene kuliko nilivyotarajia.

Ameniuliza kwa nini nilikwenda Gary. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikwenda kuharibu kioo. Akaacha kuandika. Akaniuliza kama naweza kurudia.

Kisha akanieleza bila kunizungusha. Pai ya kwanza ilikuwa ujinga na kesi ilikwisha. Kwenda nyumbani kwa mchezaji, tena na pai ya pili, baada ya kuisoma kadi, ni jambo jingine. Uamuzi Ijumaa. Nikamuuliza uamuzi juu ya nani, mimi au Tavion? Akasema faili ni moja.

Nimemwambia wanifungie mimi. Nimemwambia wachukue kiti na chochote, wasimguse yule mtoto. Nilimaanisha. Marlene alikuwa mlangoni akasikia. Leo amenipakulia chakula kwa mara ya kwanza tangu matanga.

Ijumaa, 26 Aprili

Barua imefika. Sikuweza kuifungua, Marlene amenisomea.

Tavion Beckwith hana kosa. Bibi yake alitoa taarifa kila mara, tena mapema. Atacheza kuanzia mechi ya kwanza.

Verlin Stuckey haruhusiwi kuingia ukumbini msimu mzima ujao. Mstari wa tatu, kiti cha saba, kitabaki kwa jina langu, ila kwa msimu huo kitatumiwa na familia za wachezaji. Atakayekikalia ni Bibi Odessa Beckwith.

Miaka mingi tumengoja mchezaji kama huyu, mimi na baba yangu, na sasa amekuja nitamsikiliza redioni. Inauma sana, na mkosaji ni mimi mwenyewe, hata Gene siwezi kumsingizia.

Jioni Gene amepita nyumbani. Nilidhani amekuja kunicheka. Amesema jukwaani amewaambia waache kuniita Baba Pai. Kisha akauliza, huku akiikuna shingo, kama ni kweli huyo bibi ni mkali. Nimemwambia ajaribu kumwekea magoti mgongoni aone. Amekwenda zake akiwa na mawazo. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 4 Mei

Mimi ni mtu mpya. Kadi ya buluu sasa imebandikwa juu ya friji badala ya kuwa chini yake, kwa mkono wa Marlene, kwa gundi. Naisoma kila asubuhi nikingoja kahawa. Nimemwahidi Marlene, Bi Renner na mchungaji kwamba sitamkaribia tena mchezaji wala ndugu yake. Majuto ni mjukuu, na mimi huyo mjukuu nimeshampakata.

Gene ameandika kwamba kocha anamwinda kijana wa mji wa Kokomo, Desmar Pruitt, mtupaji hodari wa mbali. Mama yake bado hajaamua. Eti anataka kwanza kuona kama watu wa Pellam ni wastaarabu.

Sijali. Nimefunga jukwaa. Nikalifungua tena kuhakikisha nimelifunga.

Ila nimeisoma kadi vizuri leo, kwa miwani. Inasema mchezaji, ndugu na marafiki. Basi. Jirani haikumtaja popote. Na akina Pruitt wana jirani ambaye, kwa mujibu wa Gene, hawaelewani naye kabisa, hawajasalimiana mwaka wa tano. Huyo si ndugu, si rafiki. Kanuni iko wazi. Na mashine yake ya kukata nyasi haiwaki, ndiyo maana majani yamefika kiunoni, ndiyo maana wanagombana. Fundi akipita tu kwa bahati, akaitengeneza, majani yakakatwa, watu wakapatana, na siku moja jirani akamtajia mama Pruitt kwamba fundi alitoka Pellam, hapo kosa la nani?

Naondoka kesho saa mbili asubuhi. Marlene ametoka jikoni sasa hivi anauliza sukari imekwenda wapi.