Miguu ya Nyuma ya Punda

Jumatatu, 4 Machi
Redio wamepiga simu. Jumamosi wana tamasha la nyimbo zilizosahaulika na wanamtaka "yule punda". Yule! Tulikuwa wawili ndani ya vazi moja la punda. Binamu yangu alikaa mbele, uso wake nje kupitia mdomo wa punda, akiimba "Twende sokoni". Mimi nyuma, nimeinama gizani, napiga teke na kujibu "Siendi". Miezi minne mji mzima uliimba. Mwezi wa tano hakuna aliyetujua. Imebaki picha moja, ipo sebuleni: binamu anatabasamu, mimi ni nundu. Binti yangu huwaonyesha wenzake baba yake mdogo.

Na nani alimshona punda huyo? Mimi, fundi cherehani. Binamu hajui hata kutunga uzi kwenye sindano.

Jumanne, 5 Machi
Nimemshusha punda darini. Panya wametafuna sikio. Binamu kaja kupimwa, kitambi kikitangulia mlangoni. Mke wangu kampa chai na kucheka kila alichosema. Mimi kaniambia niokote sindano zangu sakafuni.

Roho imeniuma. Nimempima binamu kwa uangalifu mkubwa, kisha nikaandika vipimo pungufu. Kifua nimepunguza inchi nne. Safari hii uso utakuwa wangu.

Alhamisi, 7 Machi
Mazoezi dukani kwangu. Binamu kaingiza kichwa, kaingiza mikono, kakwama kifuani. Nikajitia kushangaa. Nikasema kitambaa kimesinyaa kwa kukaa darini. Nikakuna kichwa, nikasema kwa shingo upande kwamba labda mimi nikae mbele. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akasema haya, hakuna shida. Alikubali haraka mno, lakini hilo si langu.

Jumamosi, 9 Machi, asubuhi
Nimenyoa ndevu mara mbili. Nimewaambia mke wangu na binti wakae safu ya kwanza, mpiga picha wa gazeti atakuwepo. Msumari wa picha mpya nimeshaugongelea sebuleni.

Jumapili, 10 Machi
Sijalala vizuri.

Ukumbi ulijaa. Niliimba "Twende sokoni" kwa sauti safi kabisa, wakanisikiliza kwa adabu. Kisha nyuma yangu: "Siendi!" Na teke. Watu wakaangua kicheko, wakasimama. Akazungusha mkia. Safu ya kwanza nzima ikahamia ubavuni ili ione vizuri, mke wangu na binti wakiwa wa kwanza kuinuka. Wakaomba "Siendi" irudiwe mara tatu. "Twende" hakuiomba mtu.

Nyuma ya jukwaa binamu alinikumbatia, jasho linamchuruzika. Akasema tangu enzi zile alikuwa akinionea wivu. Yeye anaimba, watu wanasubiri teke langu. Akasema Jumanne aliniona nikiandika vipimo vya uongo, na akamshukuru Mungu kimyakimya. Alilia. Nikampigapiga mgongoni.

Kumbe miezi ile yote walikuwa wakinishangilia mimi! Na mimi nimempa mahali pangu kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa uzi wangu.

Jumatatu, 11 Machi
Gazeti limetoka. Picha ni kubwa: teke hewani, mkia juu. Kichwa cha punda kimekatwa pembeni, na mimi pamoja nacho. Binti ameitundika kwenye msumari wangu, na chini ameandika kwa wino mwekundu: Baba mdogo.

Mchana redio wamepiga tena. Wanamtaka punda mwezi ujao, ukumbi mkubwa zaidi. Binamu akaja dukani akaniuliza kwa upole kama anaweza kubaki nyuma. Nikamwambia bila shaka, ndugu yangu, nafasi ni yako. Nikamwomba asimame wima nimpime upya, maana mshono wa kiunoni umelegea.

Safari hii nimempa mgongo wakati wa kuandika. Inchi nne zilikuwa chache. Nimepunguza sita.