Mwambie Mwanao Shanga Si Mnene

Mkunya, Newala
Jumapili, baada ya misa

Kwa Mama Fortunatus,
Lukuledi.

Mama mwenzangu,

YAH: KUOMBA UMWAMURU MWANAO AFUTE MANENO ALIYOANDIKA KWENYE KITABU CHA MBWA

Shikamoo. Sijui nani kati yetu alitangulia kuzaliwa, kwa hiyo naiweka hapa shikamoo moja. Kama mkubwa ni mimi, utanirudishia siku tukionana.

Hatujuani. Jina lako nimelipata kwa mwanao mwenyewe, Alhamisi iliyopita, kwenye kliniki ya mifugo ya serikali anakofanya kazi pale Masasi. Nilimuuliza kwao wapi na mama yake ni nani, akajibu yote kwa adabu huku anachoma sindano ya chanjo, hajui kwamba najiandaa kumshtaki. Kwa adabu hiyo nakupongeza, umelea. Ningeweza kupeleka malalamiko yangu kwa wakubwa wake wa kazi, lakini wakubwa wa kazi wanahamishwa kila siku. Aliyemzaa hahamishwi.

Mimi ni Esther, Mama Anjelina, darasa la saba, mama wa watoto sita, wote wazima na wote wameshiba. Hapa Mkunya mtoto akikataa kula analetwa kwangu. Anakaa siku tatu, anarudi kwao analia kwa kuwa kwao chakula hakitoshi. Sijisifu, nakueleza tu ujue unaongea na nani.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yangu Anjelina ni mwalimu Masasi, na sasa ana mimba ya miezi minane. Mume wake, Kasiani, kijana mzuri, alimnunulia mbwa kutoka Dar es Salaam, wa aina inayoitwa chiwawa. Baba Anjelina aliposikia akauliza hicho Chiwawa kinaongewa upande gani, maana Chimakonde ni chake na Chiyao anakielewa. Ikabidi tumweleze kwamba ni mbwa. Ni mbwa wa kukaa mapajani, na akimaliza kukua anakuwa kama papai. Jina lake Shanga. Wiki sita zilizopita alipoletwa kwangu alikuwa na miezi mitatu na alienea kwenye kiganja. Nilifunga mlango haraka, majirani wasimwone kabla sijamlisha.

Aliletwa kwa sababu Anjelina ameambiwa apumzike, na huyu mbwa anataka chakula mara nne kwa siku. Niliachiwa mfuko wa chakula kikavu na karatasi ya maelekezo. Anjelina akaniambia, mdomo unacheka lakini macho hayacheki: "Mama, ukifuata karatasi hii, likizo yangu ya uzazi ikiisha mtoto namleta kwako. Ukimlisha Shanga kwa akili yako, mtoto anakwenda Lisekese kwa mama mkwe." Huyo mama mkwe wake ni mtu mwema, simsemi vibaya. Ila ugali anaowapikia watu watano, kwangu mtu mmoja anauonja tu huku anasubiri chakula. Huko ndiko akakae mjukuu wangu wa kwanza? Anjelina anakuja kumchukua Shanga Jumamosi hii, na kitu cha kwanza atakachofungua ni kitabu cha chanjo ambacho mwanao amekichafua. Ndiyo maana naandika mbio mbio na kwa namba.

1. Mwanao ameandika: "Mnene kupita kiasi." Si kweli, na ushahidi ninao. Siku Shanga alipofika nilitoa kadi ya kliniki ya Kelvin, kitinda mimba wangu, ambayo nimeitunza miaka kumi na tisa kwenye sanduku pamoja na cheti cha ndoa. Nikampeleka Shanga siku ya kupima watoto. Nesi akaniambia, "Mama, foleni hii ni ya watoto wa binadamu." Sikubishana naye. Nikaenda dukani kwa Haji, akamweka kwenye mizani ya sukari: kilo moja kasoro. Nikafungua kadi, nikatafuta miezi mitatu, nikashuka na kidole. Mama Fortunatus, kwenye kijani hayupo. Kwenye kijivu hayupo. Hata kwenye nyekundu hayumo! Alikuwa chini kabisa, nje ya mistari yote, pale walipoandika jina la mpiga chapa. Wewe kama mama ungekaa kimya?

2. Kwa hiyo nilimlisha kama kadi inavyotaka. Kile chakula kikavu nilikionja kwanza, kwa kuwa sijawahi kumpa mtoto kitu ambacho mimi mwenyewe sijakionja. Kina ladha ya gunia. Nikakipandisha juu ya kabati. Asubuhi nikampa uji wa lishe wenye karanga na soya. Saa nne kiini cha yai. Mchana ugali wa muhogo, laini, na mchuzi wa kuku wa kienyeji. Jioni korosho za kutwanga, zile nyeupe nzimanzima, si zile za kuvunjika tunazokula sisi. Leo Shanga ana kilo mbili na nusu, na kwenye kadi bado hajaifikia nyekundu! Yaani mwanao anamwita mnene mtoto ambaye kwa kadi ya kliniki ana utapiamlo. Mmoja wao amekosea, na kadi haikosei.

3. Alimbonyeza ubavuni, akaniambia eti mbwa mwenye afya mbavu zake unaweza kuzihesabu kwa vidole. Hapo nilitafuta kiti. Watoto wangu kuhesabu niliwafundisha kwa korosho, si kwa mbavu. Hapa kwetu mbavu za mtoto zikihesabika, anayesemwa ni mama yake, tena anasemwa kisimani mbele ya watu.

4. Alisema pia kwamba Shanga hakimbii. Ni kweli hakimbii. Akimbie kwenda wapi, na chakula kinamfuata alipo? Anakimbia mwenye njaa au aliyeiba. Shanga anakaa mlangoni ametulia kama mtoto aliyelelewa, na akitaka kwenda uani ananitazama, nami nambeba. Jirani yangu Bi Anifa, ambaye mbwa hamgusi lakini kutwa yuko ng'ambo ya ua anamtazama, aliniuliza, "Mama Anjelina, huyo umemlea au umemshindilia pamba?" Nikamjibu, "Kawaulize kuku wako, upepo ukivuma wanashika nini." Akacheka mpaka akakaa. Ni mtu mzuri, ila kuku wake wembamba kweli.

5. Hili ndilo lililoninyima raha kuliko yote. Chini ya kitabu, kwa wino mwekundu, mwanao ameandika: "Mlezi aelimishwe." Mimi! Nimefundisha mabinti wa mtaa huu kukoroga uji usishike mabonge. Sasa aje kuniambia kijiko kimoja cha chakula kikavu mara nne kwa siku? Kijiko kimoja ndicho ninachomwaga nikiwa napakua.

6. Tena tuyafuate maneno yake mpaka mwisho tuone yanatufikisha wapi. Ikiwa Shanga aliye chini ya nyekundu ni mnene, basi Kelvin aliyekaa katikati ya kijani alikuwa hatari, na Anjelina, ambaye mstari wake ulipita juu ya kijani ukaingia kwenye maandishi, ni mgonjwa tangu utotoni na amefundisha darasa la tatu miaka minane akiwa mgonjwa. Na wale watoto wamefaulu! Basi shule ifungwe, mitihani irudiwe na kadi zote za Newala na Masasi zikusanywe zikachomwe, eti kwa sababu kijana mmoja wa Lukuledi amebonyeza ubavu wa mbwa.

7. La mwisho nalisema kwa upole kwa sababu ni mtoto wako. Mwanao ni mwembamba. Mkanda wake una tundu la ziada alilotoboa kwa msumari, nimeliona kwa macho yangu alipoinama. Mtu wa namna hiyo kila anayemwona mbele yake lazima amwone mnene.

Kutokana na hayo, naomba mambo matatu. Kwanza, umwamuru afute maneno yote mawili, la unene na la mlezi, na mahali pake aandike "Ametunzwa", agonge mhuri, kabla ya Jumamosi. Pili, aje Mkunya akae kwangu wiki mbili. Nitamlisha yeye na Shanga kwa ratiba moja, kisha tuwapeleke wote wawili kwenye mizani ya Haji. Tatu, wewe mwenyewe uje uwe shahidi, na uje bila kula. Usiku huwa sipati usingizi, namwona mjukuu wangu amekaa Lisekese, kikombe kidogo mkononi, ananisubiri.

Nisalimie Baba Fortunatus, wadogo zake Fortunatus wote, majirani wa kulia na wa kushoto, wanakwaya, na yeyote atakayekuwepo hapo unaposoma, hata kama amepita tu kuomba moto. Baba Anjelina anakusalimu. Shanga angekusalimu, ila amelala baada ya kula.

Ni mimi mama mwenzako katika malezi,
Esther, Mama Anjelina.

Nyongeza: Leo ni Jumatano na barua bado iko hapa, hakuna aliyekuwa anakwenda Lukuledi. Jumatatu nilikishusha kile chakula kikavu nikaanza kumpa kijiko kimoja mara nne. Sikufanya hivyo kwa kukubali, nilitaka Anjelina aje amkute amekonda, aone mwenyewe udaktari wa siku hizi. Siku ya kwanza tulilia wote wawili. Leo asubuhi Shanga ameruka kizingiti peke yake, akamfukuza jogoo wa Bi Anifa kuzunguka nyumba mara tatu, akarudi kwangu anahema, mkia wote unacheza. Wiki sita nimekaa naye, sikuwa nimeuona huo mkia ukifanya kazi.

Kwa hiyo usimwambie Fortunatus chochote. Namba moja hadi sita zikate kwa kalamu. Namba saba iache, na aje kula. Ila akija huko kwako mwulize kwa hila, kana kwamba unauliza wewe: hicho kijiko ni cha kujaza mlima au cha kukata usawa? Mimi nimekuwa nakata.

Nimempigia Anjelina nikamweleza yote, uji, korosho, kadi ya Kelvin na wino mwekundu. Akasema, "Mama, tangu nizaliwe sijasikia umempunguzia mtu chakula. Mtoto nitamleta kwako." Nimefurahi sana mwenzangu. Unga wake wa lishe nimeshauanza, nimesaga kidogo tu, debe mbili.