Shodieri ya Bwana Administrata

Mwaka 1952 Serikali ya Koloni iliwatangazia wakazi wote wa Kindu, kwa tarumbeta na bendera, kwamba suala la baridi katika nyumba ya Bwana Administrata, mtawala wa wilaya, litamalizwa moja kwa moja. Kindu haikuwa na baridi. Lakini sheria iliyoandikwa Ulaya ilisema ofisa wa daraja la kwanza apashiwe nyumba moto, na sheria haitokwi na jasho.

Nyuma ya nyumba hiyo tayari ilikaa shodieri, pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji ya kupita katika mabomba ya vyumba vyote. Haikuwahi kuwashwa. Hata hivyo, kila kaya ya mtaani ilitoa mzigo wa kuni kila juma, asiyetoa, fimbo. Kuni zilirundikwa, zikaliwa na mchwa kwa mujibu wa kanuni.

Mtunzaji wa shodieri alikuwa Zéphirin. Mkewe, Emerance, alibeba kuni kama wenzake, mpaka bega likaota sugu.

Sasa Bwana Administrata, Godefroid, alitaka shodieri mpya, kubwa mara tatu, kwa sababu mwenzake wa Punia alikuwa nayo. Kuni nazo zingekuwa mara tatu. Ikaundwa Kamisheni ya kuamua.

"Kesho utaiwasha mbele yao," Bwana Godefroid alimwambia Zéphirin. "Ile kitu iko muzee. Haitawaka. Unasikia?"

"Ndiyo, Bwana. Iko muzee sana."

Zéphirin alimkuta mkewe akijikanda bega kwa mawese.

"Ikiwaka?" Emerance aliuliza.

"Atanichapa."

"Na isipowaka?"

Zéphirin alilitazama lile bega. Alichukua kopo la mawese, akarudi kazini, akalainisha kila kilichokwama.

Kesho yake Kamisheni ilifunga madirisha, kama kanuni inavyotaka, ikaketi sebuleni. Zéphirin akawasha. Mabomba yakanguruma. Baada ya nusu saa mwenyekiti, Bwana Florentin, alikuwa mwekundu kama pilipili, akiandika huku jasho likilowesha karatasi: "Inafanya kazi vizuri mno. Isibadilishwe. Iwashwe kila siku, mwenye nyumba akiwa ndani, mpaka Kamisheni ijayo."

Kamisheni ijayo ilikuwa baada ya miaka tisa.

Bwana Godefroid alitafuta fimbo, kisha akatafuta fomu ya kumchapa mtu aliyewasha kilichoamriwa kuwashwa. Fomu hiyo haikuwepo.

Siku ya nne alitoka nje, shati limemganda mgongoni.

"Zéphirin, leo usiwashe."

"Bwana, barua ya Kamisheni inasema kila siku." Zéphirin alifikiri kidogo. "Labda kuni zikosekane."

Mchana uleule ngoma ikapigwa mtaa kwa mtaa: kuanzia leo, yeyote atakayeonekana na kuni karibu na nyumba ya Bwana Administrata atafungwa siku saba.

Emerance, aliyekuwa njiani na mzigo, aliutua papo hapo. Ripoti ya mwaka ule inasema watu wa Kindu hawajawahi kuitii Serikali kwa haraka namna ile.